Uwindaji: Bunduki ya bei nafuu yaweza kumwangusha nyati, lakini chaguo baya laweza kumuua mwindaji

Nyati aliyejeruhiwa si nyama tena, ni hatari. Anaingia kwenye majani marefu, ananyamaza, na mara nyingi anamgeukia yule anayefuata damu yake. Kila mwindaji wa nchi zetu za savana analijua hilo, kuanzia Katanga hadi Zambia, Zimbabwe na Tanzania. Ndiyo maana swali la bunduki gani ya kununua si la matajiri peke yao. Mtu mwenye pesa kidogo anaweza kupata silaha halali inayofaa kwa wanyama wakubwa, ila anapaswa kujua anacholipia na kile anachoweza kuacha.

Hapa tunazungumzia bunduki za bolti, yaani zile ambazo mwindaji anainua na kuvuta kishikio kwa mkono ili kutoa ganda tupu, kisha anakisukuma mbele ili kuingiza risasi nyingine. Ni silaha ya zamani, haina vyuma vingi, na inastahimili vumbi na mvua. Kwa miaka zaidi ya mia moja, hiyo ndiyo imekuwa bunduki ya mwindaji asiye na mali nyingi barani Afrika.

Hadithi ilianza Berlin

Mwanzoni mwa karne ya 20, wawindaji matajiri waliokuja Afrika walibeba bunduki za mitutu miwili zilizotengenezwa Uingereza kwa mkono, moja baada ya nyingine. Hata leo, bunduki mpya ya aina hiyo kutoka London ni ghali mno. Mkulima au mfanyabiashara mdogo hakuweza kuifikia.

Upande wa Ujerumani, kiwanda cha Mauser kilikuwa kimetoa mwaka 1898 bunduki ya kijeshi iliyotengenezwa kwa mamilioni. Kwa kuwa zilikuwa nyingi, bei yake ilikuwa ndogo. Kunako mwaka 1905, fundi wa silaha wa Berlin aitwaye Otto Bock alibuni risasi iliyoweza kuingia katika bunduki hiyo bila kubadili mambo mengi. Ikaitwa 9,3 x 62: kipenyo cha milimita 9,3 na ganda lenye urefu wa milimita 62. Lengo lilikuwa wazi: kumpa mtu aliyeishi katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, ikiwemo nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, bunduki moja ya bei ndogo inayoweza kupiga swala asubuhi na nyati jioni.

Waingereza walijibu mwaka 1912 kwa risasi ya 375 ya kampuni ya Holland & Holland. Hiyo ina nguvu zaidi, lakini ganda lake ni refu, na ili kulipokea bunduki inahitaji mwili mrefu zaidi, ambao ni ghali zaidi. Tofauti hiyo ya bei bado iko hadi leo.

Wabelgiji nao wamo katika historia hii. Kiwanda cha FN cha Herstal kilianzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kutengeneza bunduki za Mauser kwa jeshi la Ubelgiji. Baadaye FN ilitengeneza pia bunduki za kuwindia kwa mtindo uleule, na bunduki zake za zamani bado zinathaminiwa sana na wawindaji.

Somo la Bell, na pale linapoishia

Jina linalorudi kila mara katika mabishano ya wawindaji ni la Mskoti Walter Bell, aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu aliwinda sana Karamoja, nchini Uganda. Aliwinda pia Lado, eneo la magharibi mwa Nile lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili hadi kifo chake mwaka 1909. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya bolti ya milimita 7, wakati wenzake walibeba mizinga mizito ya begani.

Wengi wanamtaja Bell ili kusema kwamba bunduki yoyote inatosha. Wanasahau upande wa pili. Bell alichunguza mafuvu ya tembo ili ajue ubongo uko wapi kutoka kila pembe. Alisogea karibu sana kabla ya kupiga, na alifanya mazoezi kila siku. Kilichoua ni ujuzi wake, si udogo wa risasi. Mwindaji anayepata nafasi mara moja au mbili kwa mwaka hana haki ya kumuiga. Tena zama zile zimekwisha: tembo aliyekuwa akihesabiwa kwa kilo za pembe, leo analindwa kikamilifu na sheria hapa kwetu Kongo.

Hata hivyo, sehemu moja ya somo lake inabaki. Risasi ya nguvu ya kadiri inayopiga mahali panapofaa ni bora kuliko risasi kubwa inayopiga tumbo. Mwindaji anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho kabla ya kufyatua, na risasi huenda popote.

Sheria inapima kwa jouli

Nchi kadhaa za kusini mwa Afrika hazikuacha jambo hili kwa mapenzi ya kila mtu. Zinapima nguvu ya risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu kwa kipimo kiitwacho jouli.

Namibia inataka angalau jouli 1.350 kwa wanyama wadogo kama springbok, jouli 2.700 kwa kudu, oryx na pofu, na jouli 5.400 kwa nyati na tembo. Zimbabwe inataka jouli 5.300 kwa nyati, pamoja na risasi yenye kipenyo kisichopungua milimita 9,2.

Sasa tuangalie risasi zenyewe. Ile ya 30-06, iliyozaliwa Marekani mwaka 1906 na ambayo inapatikana karibu kila duniani, inatoa kama jouli 3.900 ikiwa na risasi ya gramu 11,7. Inatosha kabisa kwa kudu, kwa ngiri na, kwa kiwango cha Namibia, hata kwa pofu. Kwa nyati haitoshi, na sheria za nchi hizo mbili zinaikataa. Ile ya 9,3 x 62 ikitengenezwa kwa kiasi cha zamani inatoa karibu jouli 4.800, inafikia kipenyo cha Zimbabwe, lakini inahitaji kujazwa kwa nguvu zaidi ili ifikie jouli zinazotakiwa. Ile ya 375 H&H inazidi jouli 5.700, na inapita popote.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kuuliza bei ni hili: nitawinda mnyama gani, na katika nchi gani? Anayewinda swala na ngiri lakini ananunua bunduki ya 375 anapoteza pesa na kuumiza bega lake bure. Anayekwenda kwa nyati na bunduki ya 30-06 kwa sababu ilikuwa rahisi anaweka rehani maisha yake na ya yule anayemwongoza porini.

Rahisi kwa nini?

Bunduki za bolti za bei ndogo zinazouzwa leo ziko nyingi. Marekani kuna Ruger American, Savage Axis na Mossberg Patriot, ambazo mara nyingi madukani huko hazifiki dola 700. Japani inatengeneza Howa 1500. Serbia inatengeneza Zastava M70. Jamhuri ya Czech ilitengeneza CZ 550, ambayo sasa inatafutwa kwa mkono wa pili.

Zile za Marekani na ile ya Howa zinapiga kwa usahihi mkubwa, wakati mwingine kuliko bunduki za bei mara tatu. Kiwanda kinaokoa pesa mahali pengine: kitako cha plastiki, chuma kisichong'arishwa, magazini nyepesi, bolti isiyoteleza vizuri. Kwa anayewinda swala, hayo yote si kitu.

Kwa nyati mambo yanabadilika. Katika mtindo wa Mauser, chuma kirefu kama ukucha kinashika ganda mara tu linapotoka kwenye magazini na hakiliachi mpaka litupwe nje. Katika bunduki nyingi za bei ndogo, bolti inaisukuma risasi tu, na inalishika ganda mwishoni kabisa. Mtu mwenye hofu akirudisha bolti kabla haijafika mwisho, risasi ya kwanza inabaki ndani, ya pili inaigonga kwa nyuma, na bunduki inakwama. Kwenye uwanja wa shabaha ni kicheko. Mbele ya nyati aliye umbali wa mita kumi, ni kifo.

Ndiyo sababu wengi wenye bajeti ndogo wanaowinda wanyama hatari huelekea kwa Zastava, kwa CZ ya zamani au kwa Mauser iliyotumika. Zote zina ule ukucha. Njia nyingine ni risasi ya 375 Ruger, iliyotoka mwaka 2007. Ina nguvu ya 375 H&H au zaidi kidogo, lakini ganda lake ni fupi na linaingia katika bunduki ya urefu wa kawaida; ndiyo maana hata Mossberg Patriot iliwahi kuuzwa kwa risasi hiyo. Kasoro yake ni kwamba ukiishiwa risasi mbali na mji mkubwa wa Afrika, 375 H&H ni rahisi zaidi kuipata.

Kununua iliyotumika

Bunduki ya bolti iliyotunzwa inaweza kuwahudumia baba, mwana na mjukuu. Lakini kabla ya kutoa pesa, mambo haya yaangaliwe:

- Ndani ya mtutu, mbele ya mwanga: mifereji ionekane wazi, bila kutu na bila mashimo.
- Mdomo wa mtutu: ukiwa umegongwa au kukwaruzwa, usahihi umepotea.
- Kitako, hasa nyuma ya bolti: ufa mdogo hapo utakuwa mkubwa baada ya risasi chache za 375.
- Kiusalama na kifyatulio: bunduki isiyo na risasi ikigongwa kidogo, kifyatulio kisijiachie chenyewe.
- Nafasi kati ya bolti na ganda: hiyo ipimwe na fundi wa silaha, kwa sababu ikizidi ganda linaweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Pesa iliyookolewa isiende kwenye mapambo. Iende kwenye darubini imara na vishikio vyake, kwani teke la bunduki kubwa huvunja darubini dhaifu. Inayobaki inunue risasi za mazoezi. Mtu aliyefyatua risasi 100 kwa bunduki ya bei ndogo, akiwa amesimama na kuegemea vijiti kama afanyavyo porini, ni mwindaji bora kuliko aliyefyatua tano kwa bunduki ya kifahari.

Na sisi hapa Kongo?

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uwindaji unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na uhifadhi wa mazingira na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Hakuna kuwinda bila kibali, wala kumiliki silaha bila ruhusa ya serikali. Katika mbuga za taifa hakuna uwindaji. Tembo, okapi na sokwe hawaguswi.

Lakini kinachomaliza wanyama wetu si bunduki ya bolti yenye karatasi. Ni silaha ya vita. Huko Virunga, viboko walikuwa karibu 29.000 katikati ya miaka ya 1970. Baada ya miaka ya vita, hesabu ya mwaka 2005 ilionyesha chini ya 1.000. Wengi waliuawa kwa bunduki za kivita, nyama ikauzwa.

Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa Kalashnikov inaua watu, inafaa pia kwa nyati. Hesabu inakataa. Risasi yake inatoa kama jouli 2.000 tu, yaani haifikii hata kiwango ambacho Namibia inadai kwa kudu. Mnyama mkubwa aliyemwagiwa risasi hizo mara nyingi haanguki. Anaondoka na maumivu, anafia mbali ambako hakuna atakayemla, au anakutana na mama anayetoka shambani na jembe begani. Anayelipa kosa hilo si yule aliyefyatua.

Ikumbukwe kwamba bei ya bunduki ni sehemu ndogo ya gharama ya uwindaji. Kibali, risasi, mazoezi na subira ya kuacha kupiga pale mnyama anapokuwa mbali mno, yote hayo yamo katika hesabu. Mwenye pesa kidogo anaweza kuwa mwindaji halali na mzuri, kama alivyofikiriwa na fundi yule wa Berlin mwaka 1905. Asiyekuwa na pesa ya kutosha kwa bunduki inayomfaa nyati, basi awinde swala, na nyati amwachie pori lake.