Gari Linavuja Oili? Tafuta Linapovujia Kabla ya Kutuma Pesa

Unarudisha gari nyuma asubuhi na pale lilipolala pana doa jeusi. Unampigia makanika, na hata kabla hajafungua boneti anakwambia, "Boss, tuma elfu tano ya spea nikushughulikie." Unatuma. Wiki mbili baadaye, doa liko palepale.

Wenye magari wengi wamepitia haya. Mara nyingi shida haiko kwenye spea wala kwa fundi. Shida ni kwamba pesa ilitoka kabla ya mtu yeyote kujua oili inatokea wapi. Leo tuangalie jinsi ya kugeuza huo mpangilio.

Kwa nini magari yetu huvuja

Magari mengi tunayoendesha Kenya yaliingia nchini yakiwa yametumika, kwa kuwa sheria inaruhusu gari lisilozidi miaka 8. Likiongeza miaka kumi kwa barabara zetu, mipira iliyo ndani ya injini ina umri wa kijana wa sekondari. Joto huikausha, inakuwa ngumu kama plastiki, na oili inapata njia. Kwa hivyo usishtuke ukiona doa, lakini pia usilizoee.

Hakikisha kwanza ni oili

Tandika katoni safi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi angalia rangi:

- Kahawia au nyeusi na inateleza: oili ya injini.
- Nyekundu na inateleza: mara nyingi ni ya giaboksi au pawa stiaringi.
- Kijani au waridi, kama maji: kulanti ya rejeta.
- Maji safi: huenda ni ya AC tu. Hiyo haina gharama.

Kisha pima oili gari likiwa mahali tambarare, injini imezimwa kwa dakika chache. Futa dipistiki, irudishe, itoe tena usome. Andika kiwango kwa simu yako, halafu pima tena baada ya wiki. Probox nyingi za 1500 cc hubeba takriban lita 3.7. Ukipoteza lita moja, zaidi ya robo ya oili yote imeenda.

Inapodondokea sipo inapotokea

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Oili huteremka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Tone linaweza kuanguka kwenye sampu ilhali limetoka juu kabisa, kwenye gasketi ya tapeti kava. Fundi mwenye haraka atabadilisha gasketi ya sampu, na doa litarudi.

Mwombe fundi asafishe injini kwanza, altaneta ikiwa imefunikwa kwa nailoni. Endesha siku moja au mbili, kisha mwangalie pamoja ni wapi palipolowa upya. Anzeni na vitu rahisi: filta ya oili, naati ya kumwagia oili na washa yake, swichi ya presha ya oili, halafu tapeti kava. Nyingi za hizi ni kazi ndogo.

Ukiambiwa ni oili sili ya nyuma ya krenki, uliza maswali zaidi. Sili yenyewe si ghali, lakini giaboksi lazima ishushwe ili ifikiwe, kwa hivyo unalipia zaidi kazi kuliko spea. Muulize pia kama amekagua vali ya PCV. Ikiziba, presha hupanda ndani ya injini na kusukuma oili nje, hata sili mpya itavuja.

Sasa tuongee pesa

Ukishajua tatizo, lipa kwa mpango:

1. Tenganisha spea na kazi. Pata jina kamili la spea, pigia maduka mawili matatu, iwe Kirinyaga Road au mjini kwenu, kisha lipa duka moja kwa moja kwa namba yao ya till.
2. Soma jina kabla ya kukamilisha malipo. Kama jina linalotokea si la duka ulilokubaliana nalo, simama na uulize.
3. Andikianeni makubaliano. Ujumbe mfupi unatosha: kazi gani, bei gani, na ikivuja tena palepale ndani ya mwezi mmoja, fundi atarudia bila malipo ya kazi.
4. Malizia malipo ya kazi baada ya majaribio. Lipa sehemu akianza, na salio gari likishaendeshwa na kukaguliwa likiwa la moto.
5. Dai spea ya zamani, na usifute SMS ya malipo. Ina tarehe, kiasi, jina na namba ya muamala. Mkikosana, huo ndio ushahidi wako.

Fundi mzuri hatakasirikia mpango huu. Unamlinda hata yeye, maana hawezi kulaumiwa kwa spea ambayo hakuinunua.

Usingoje mwisho wa mwezi kama...

Tone dogo ambalo halishushi kiwango cha oili linaweza kusubiri ukijipanga, mradi unapima kila wiki. Lakini ukinusa oili ikiungua au kuona moshi kwa boneti, huenda inadondokea ekzosti ya moto, na hiyo inaweza kuwasha moto. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, egesha mahali salama na uzime injini hapo hapo. Taa hiyo inamaanisha presha imeshuka. Usijiambie utafika tu petroli stesheni. Dakika chache zinatosha kuua injini, na injini nyingine hailinganishwi na bei ya gasketi.

Kama bado hujapata doa, fungua akiba ndogo ya gari kwenye simu na uweke chochote kila wiki. Siku ya kuita fundi ikifika, utakuwa na nafasi ya kuuliza maswali kabla ya kulipa.