Nyumba Aliyozaliwa Mwalimu Iko Wapi?

Kila tarehe 14 Oktoba redio zinapiga hotuba za Mwalimu, na darasani watoto wanaambiwa kuwa Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, tarehe 13 Aprili 1922. Mtoto mmoja mbishi akinyoosha kidole na kuuliza, "Alizaliwa kwenye nyumba gani?", wengi tunababaika. Sisi wa elimu ndio tutakaoulizwa, kwa hiyo tuliseme mapema: nyumba ile haipo.

Kilichotunzwa Butiama, mkoani Mara, ni mahali. Panaitwa Mwitongo, na ndipo lilipokuwa boma la baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Chifu alikuwa na wake wengi, na Mama Mgaya wa Nyang'ombe, aliyemzaa Kambarage, alikuwa mmoja wao. Nyumba za wakati ule zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Nyumba ya namna hiyo haingoji makumbusho ije kuiokoa. Ukifika leo unaonyeshwa makaburi ya wazazi, kaburi la Mwalimu mwenyewe lililojengewa, nyumba alizokuja kukaa akiwa mtu mzima (mojawapo alijengewa na jeshi), na yale majabali ambayo nina hakika yalikuwepo siku anazaliwa. Halafu kuna jengo la Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, lililofunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofia London. Ndani kuna picha na zawadi alizopewa kwa miaka mingi ya uongozi.

Wengine wakiambiwa hivi wanaona wametapeliwa kiingilio. Mimi sioni hivyo. Neno "tongo", katika lugha nyingi za Kanda ya Ziwa, linahusu mahame, yaani mahali palipokuwa na watu na makazi yakahamishwa au yakafa. Jina lenyewe la mahali limeshakuambia ukweli kabla hujafika getini. Hakuna aliyekuficha kitu.

Kufichwa ndiko kulikotokea Marekani. Abraham Lincoln alizaliwa mwaka 1809 huko Kentucky, kwenye kibanda cha magogo. Miaka mia baadaye wakamjengea jumba la mawe, lenye ngazi 56 kwa hesabu ya miaka aliyoishi, na ndani yake wakaweka kibanda. Watu walipanda ngazi zile wakiamini ndicho chenyewe. Baadaye wataalamu wakahesabu pete za miti kwenye yale magogo, wakakuta miti ilikatwa Lincoln akiwa ameshakuwa mtu mzima. Sasa hivi kinaelezwa kuwa ni cha mfano tu. Lakini watu bado wanakwenda, kwa sababu shamba alipozaliwa ni lilelile.

Kama unataka kuta zenyewe hasa, huna haja ya kusafiri hadi Mara. Panda daladala ushuke Magomeni, Dar es Salaam, ukaulize Mtaa wa Ifunda. Hapo ipo nyumba aliyoijenga Mwalimu mwenyewe miaka ya 1950, baada ya kuacha kufundisha Pugu ili aifanye kazi ya TANU. Ni nyumba ndogo. Ukiingia unashangaa kwamba mipango ya kuwaondoa Waingereza ilipita kwenye vyumba vya kiasi kile. Kwa mwanafunzi mwenye bumu linaloisha wiki ya pili, safari ni hiyo.

Sasa, kwa nini jambo hili linanigusa mimi niliyezaliwa Maparoni, kwenye delta ya Rufiji?

Kwetu nyumba ni boriti na fito za mikoko, zimekandikwa udongo, juu makuti. Makuti yakichoka unaezeka upya, nguzo ikioza unaisimika nyingine, mpaka siku moja hakuna kipande hata kimoja cha nyumba aliyoijenga babu, na bado tunaiita nyumba ya babu. Maji nayo yanakula kingo, chumvi inaingia mashamba ya mpunga, familia inahama. Baada ya miaka kadhaa kinachobaki ni minazi. Ukipita na mtumbwi ukaona minazi imekaa kwa mpango bila nyumba, jua hapo palikuwa kwa watu.

Bibi yangu mzaa mama si wa delta. Alizaliwa juu zaidi, bondeni, walikokuwa wakilima mpunga na kulala kwenye madungu kulinda shamba dhidi ya nguruwe. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali ikaja na Operesheni Rufiji. Watu wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, kwa maelezo kuwa watakuwa salama na watapata shule na zahanati. Shule zilikuja. Mashamba yenye rutuba yakabaki mbali na wenyewe. Rais alikuwa ni huyuhuyu ambaye boma la baba yake leo lina kibao na mlinzi.

Nilipomwambia Bibi kwamba tumefika Butiama na chama chetu, alifurahi kweli, maana Nyerere anampenda. Kisha akasema, "Basi wamepatunza kwao. Na sisi kwetu ni pale kwenye miembe, mjukuu wangu." Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anapepeta mchele.

Mimi napenda tuende Butiama, na tukifika tumuulize mwongozaji maswali ya kitaaluma: hiki ni cha mwaka gani, hiki kilihamishwa kutoka wapi, hapa palikuwa na nini kabla ya saruji? Maswali hayohayo twende nayo kwenye TP. Ukipangiwa Kibiti au Rufiji, watoe wanafunzi wa Historia nje ya darasa kipindi kimoja, uwape daftari, waende na mzee mmoja wa kijiji hadi kwenye miembe ya mahame. Waandike nani alikaa wapi, alihama mwaka gani, na nani alimwambia ahame. Bibi yangu kasema yuko tayari kuongoza, ila atafutiwe bodaboda ya kumfikisha, magoti hayamruhusu.