Nani Atabeba Mbao?

Mwaka jana binti wa kaka yangu alikuja Uingereza kunitembelea, akitokea Mombasa. Jumanne jioni nikampeleka kwenye klabu yangu ya kuunda reli ndogo. Wazee kumi na mmoja, wengi wana mvi na waliobaki hawana hata hizo, walikuwa wameinamia meza ndefu. Mmoja alikuwa akibandika jani moja moja kwenye mti wenye urefu wa kidole, akitumia kibanio cha nyusi. Binti alitazama, akatabasamu kwa adabu, akanywa chai aliyopewa. Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniuliza, "Shangazi, hawa hawana wajukuu wa kuwapa hizo treni?"

Sikumlaumu. Waingereza wenyewe husema hayo hayo, tena kwa ukali zaidi. Katika vichekesho vyao, mtu wa reli ndogo ni mwanamume mpweke mwenye sweta kuukuu, aliyejifungia darini kwa sababu amewashindwa binadamu. Nimekaa na watu hawa miaka kumi na minne. Mimi ni mmoja wa wanawake wawili klabuni, na Mswahili peke yangu. Nimechoka kusikia wakisemwa na watu ambao hawajawahi kuonja hata chai yao. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wacha mimi niseme.

Kwanza, huu si mchezo uliozuka juzi. Klabu ya London inayohesabiwa kuwa kongwe kuliko zote ilianzishwa mwaka 1910. Jarida la Railway Modeller limekuwa likichapishwa tangu 1949. Kasisi Awdry, mtunzi wa hadithi za injini iitwayo Thomas ambazo hata watoto wa Nyali wanazijua kwa katuni, alikuwa na reli yake ndogo, akiipeleka kwenye maonyesho kama mwanachama mwingine yeyote. Kasisi mwingine, Peter Denny, aliijenga reli yake ya Buckingham kwa miongo kadhaa, na injini nyingi alizitengeneza kwa mikono yake. Ukitaka kuwaita hao watoto, shauri yako.

Kama kila jamii, wana koo zao, na ugomvi wa koo hizo hauishi. Wengi wa Uingereza hufuata kipimo kiitwacho OO, ambapo kila kitu ni sehemu moja ya 76 ya ukubwa wake halisi. Lakini reli zenyewe zina upana wa milimita 16.5, upana uliofaa kipimo kidogo zaidi cha Ulaya bara. Injini za Kiingereza zilikuwa nyembamba, mota za zamani hazikuingia ndani yake, basi mafundi wakakuza mabodi na kuziacha reli zilivyo. Tokea hapo treni zao zimesimama kwa miguu iliyokaribiana mno. Wapo waliojitenga wakaweka milimita 18.2, na wapo waliosema kama ni haki basi iwe haki kamili, wakaweka 18.83. Usiwaalike wote meza moja ukataja jambo hilo kabla chakula hakijaliwa.

Mambo mengine nitayapita mbio. Kuna wanaoendesha treni kwa kompyuta na simu, sawa. Kuna soko la vitu vya mitumba, lenye fitina zake. Kuna ada ya kuweka basi juu ya daraja na harusi mlangoni pa kanisa katika kila kijiji, kana kwamba Waingereza huoana kila siku; hiyo mimi siipendi na sitaitetea.

Ninayotaka kuisimulia ni ada ile ninayoiita kuweka mezani. Wenyewe hawajaipa jina.

Saa mbili na nusu za usiku birika huchemka, taa ya meza kubwa huwashwa, na kila mtu mwenye kazi mpya huileta. Haitangazwi. Mtu hutoa kisanduku cha viatu, hufunua karatasi laini, huweka kitu chake mezani, kisha huondoka kwenda kujitilia sukari, kana kwamba kimewekwa hapo na mtu mwingine. Labda ni kibanda cha mpiga ishara, labda ni behewa lililopakwa kutu, labda ni kipande cha tuta chenye urefu wa shubiri moja. Wenzake husogea. Hakuna anayegusa, kugusa kazi ya mtu bila ruhusa ni kosa kubwa kuliko kuchelewa kulipa ada. Mikono huwekwa nyuma. Kisha mtu huinama, magoti yakilia, mpaka jicho lake liwe sawa na reli, kwa sababu hakuna aliyeiona dunia kwa jicho la mwewe isipokuwa mwewe. Hukaa hapo kimya. Ukimya huo ndio sifa ya kwanza, na ukiwa mrefu ndio sifa kubwa.

Halafu huja swali. Hapa ndipo wageni hupotea, hudhani ni mazungumzo ya kawaida. Mzee hasemi, "Umekosea." Anasema, "Ulifuata picha ya mwaka gani?" Maana yake ni kwamba bomba hilo la moshi halikuwapo mwaka huo, na anajua, na wewe sasa unajua kuwa anajua. Au anasema, "Kokoto hizi ulizipata wapi?" Maana yake ni kubwa mno, zingekuwa mawe ya ukubwa wa kichwa cha mbuzi. Mwenye kazi hujibu kwa upole, hurudisha kitu chake kisandukuni, na wiki mbili baadaye hukileta tena kimerekebishwa bila kusema neno. Nimelelewa na bibi aliyekuwa akikemea kwa mafumbo, akimsema kuku huku akimtazama mkwe. Nilipofika pale nilijihisi nimerudi nyumbani.

Mgeni haanzi kwa injini. Anaanza kwa kokoto, na hilo ndilo jando lao. Humwaga kokoto kavu katikati ya mataruma, huzipanga kwa brashi laini mpaka kila moja ikae chini ya kimo cha reli. Huzinyunyizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, maana bila sabuni gundi hujikusanya juu kama umande na kuzisomba zote. Kisha hudondosha gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, kwa mrija wa dawa ya macho, tone kwa tone. Mita moja humaliza jioni nzima. Kisha haruhusiwi kugusa mpaka kesho. Atakayegusa kuona kama imekauka ataanza upya, na wote tuligusa. Baada ya kokoto hupewa nyasi: nyuzi fupi zinazopitishwa kwenye kifaa cha umeme zikasimama wima kama nywele za mtu aliyekutana na jini. Wazee bado husimulia walivyokuwa wakitia rangi pamba ya hospitali na kuichambua kwa vidole.

Nami niliweka mezani. Baba yangu alikuwa gadi, na mimi nilikulia katika nyumba za reli pale Voi. Nilipowaambia ninajenga stesheni ya Voi, nilidhani nitaanza kwa kueleza iko wapi. Mzee mmoja akaniuliza kama nitaweka injini za darasa la 59. Nikamwambia zile kubwa. Akaniambia kwamba zilikuwa 34, zote zilijengwa Manchester na Beyer Peacock miaka ya 1955 na 1956, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mount Gelai bado ipo, imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nimelala utotoni mwangu mote nikitikiswa na injini zile, na jina la hata moja sikulijua. Nililifundishwa na mtu ambaye hajawahi kuvuka Bahari ya Kati.

Lakini udongo walikuwa hawaujui. Chupa zao zote za rangi zilikuwa za mvua. Nyasi zao za kijani zikiwekwa Voi zingekuwa uongo mtupu. Tukahangaika majuma, mpaka nikakata zulia langu la kufutia miguu mlangoni, la usumba wa nazi, nikalikatakata kwa mkasi. Zikawa nyasi za Tsavo mwezi wa Septemba. Usiku ule ukimya ulikuwa mrefu.

Watu huuliza kwa nini karibu kila reli ndogo ya Uingereza ni ya zamani. Mwezi Machi 1963 ilitolewa ripoti ya Richard Beeching iliyopendekeza stesheni 2,363 zifungwe. Agosti 1968 treni za mvuke zikaondolewa katika reli kuu za nchi nzima. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi akisimama kwenye daraja la kijijini kwao kuhesabu injini, aliamka siku moja akakuta mtaro wenye miiba. Hakuna aliyemwekea matanga. Akaja kuyaweka mwenyewe miaka thelathini baadaye, kwa plasta na karatasi. Na mwenye kuomboleza si lazima awe mwenyeji. Kule Long Wittenham, Oxfordshire, kuna makumbusho ya Pendon, yaliyoanzishwa na Roye England, kijana wa Australia aliyefika Uingereza mwaka 1925. Alivipenda vijiji vile, akaona vinavyobadilika mbele ya macho yake, akaanza kuvihifadhi kwa sehemu moja ya 76. Nyumba zile ni za kadi, kila tofali limepakwa rangi yake. Mgeni aliona thamani kabla ya wenyeji. Mimi nikimfikiria huyo, huona aibu kidogo juu ya Voi yetu, ambayo tangu treni mpya ya Mombasa na Nairobi ianze mwaka 2017 stesheni yake ya zamani haina wa kuiinamia.

Hata hivyo kinachokufa sasa si ujenzi. Watu wanajenga, tena vizuri kuliko sisi. Kijana mwenye printa ya kuchapa vitu vya plastiki hutoa usiku mmoja kile ambacho mzee alikichonga miezi mitatu. Hupiga video, watu elfu humpongeza, na yeye hajatoka chumbani. Ninachokililia ni maonyesho, na maonyesho ni kubeba.

Reli ya klabu yetu ni mbao nane, kila moja ya mita moja na robo, na chini yake nyaya kama utumbo. Alfajiri ya Jumamosi huteremshwa ngazi, hupakiwa garini, hupelekwa kwenye ukumbi wa shule mji wa pili, huungwa kwa bolti, na saa nne milango hufunguliwa. Siku mbili unasimama nyuma ya pazia la treni zinazosubiri zamu, ukijibu swali moja mara mia. Treni ikianguka, mkono mkubwa wenye saa hushuka kutoka mbinguni na kuisimamisha, na watoto hucheka. Jumapili jioni hufunguliwa yote na kubebwa tena. Hakuna faida, ila mkate na chai.

Mwezi Mei 2019 huko Stamford, usiku wa kuamkia maonyesho ya klabu ya Market Deeping, vijana walivunja na kukanyaga kazi za miaka mingi. Klabu iliomba pauni 500. Zilifika zaidi ya 100,000, na Rod Stewart, mwimbaji ambaye naye wakati huo alikuwa na reli yake kubwa Los Angeles, alitoa 10,000. Kwa hiyo usiniambie watu hawajali. Wanajali. Watatoa pesa. Lakini Januari 2024 klabu ya Warley, iliyokuwa ikiandaa maonyesho makubwa kule Birmingham, ilitangaza kwamba yale ya Novemba 2023 ndiyo ya mwisho, na upungufu wa watu wa kujitolea ulikuwa miongoni mwa sababu. Pongezi elfu za video hazishuki ngazi na ubao. Wananiambia dunia imebadilika, kila mtu aonyeshe kwake. Nami nawajibu, pilau pia huliwa peke yako jikoni, na tumbo hujaa, lakini sinia ni kitu kingine.

Binti alikuwa bado kwangu Jumapili ya maonyesho ya mwisho tuliyopeleka Voi yangu. Alikuja kwa sababu nyumba ilikuwa baridi. Mchana nilimwona mbele ya reli yangu, ameinama, jicho sawa na mataruma, mikono nyuma, hakuna aliyemfundisha. Alikaa muda. Kisha akasema, "Shangazi, hapa watu wananunua chakula wapi?"

Nikatazama. Kulikuwa na gadi na bendera yake ya kijani, stesheni masta, tangi la maji, ndoo nyekundu za moto. Kila kilichokuwa mali ya reli nilikiweka. Wanawake wa machungwa na mayai ya kuchemsha, waliokuwa wakikimbia sambamba na madirisha huku wakidai chenji, hawakuwapo hata mmoja. Nilikuwa mtoto wa gadi. Niliwaona kutoka upande wa ndani, kama fujo ambayo baba alilazimika kuisukuma ili treni iondoke.

"Nitakiangalia," nikamwambia, kama ilivyo ada.

Saa kumi na moja tulikuwa watu watano kwa mbao nane. Nikampa ncha ya ubao wa tatu. "Shika chini," nikamwambia, "si pembeni, na usitazame ngazi, nitazame mimi."