Simu Mpya, Akaunti ya Nani?

Ilikuwa Alhamisi, saa tatu usiku, niko chumbani kwangu Chanika, Handeni. Nafungua orodha ya simu zilizopigwa nimtafute mkulima mmoja wa Sindeni, nakutana na namba nisiyoijua. Imepigwa jana saa mbili na nusu usiku. Juzi vilevile. Nashuka chini, kila siku ipo! Na mimi sijawahi kuipiga hata mara moja. Nikaibonyeza. Ikapokea sauti nyororo ya mwanamke: "Haloo?" Nikakata.

Mpenzi msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Ili unielewe, nianze mwanzo. Mume wangu anafundisha sekondari Korogwe. Mimi nanunua mahindi na ufuta kwa wakulima wa Handeni kwa niaba ya kampuni moja ndogo, halafu natafuta wateja Dar es Salaam. Kati yetu kuna kilometa kama 65 za lami. Katikati ya wiki kila mtu yuko kwenye kituo chake, Ijumaa jioni napanda gari kwenda Manundu kuwa mke wa mtu. Kwa hiyo simu kwangu si pambo. Ni ofisi, na siku tano za wiki ndiyo ndoa yenyewe.

Jumapili ya wiki hiyo tulikuwa tumeadhimisha ndoa yetu, naye akanipa zawadi ya iPhone. Ilikuwa mtumba, lakini safi, inang'aa. "Mama watoto, achana na hiyo Android yako iliyopasuka kioo," akaniambia. "Nimeshakuwekea kila kitu, wewe weka laini tu." Nilimrukia shingoni. Nani asingefurahi? Ile ya zamani nikafuta vitu vyote, nikamwachia mdogo wangu palepale Korogwe, nikarudi Handeni natembea kwa maringo.

"Nimeshakuwekea kila kitu." Kumbe kasheshe lote lilikuwa ndani ya maneno hayo.

Si mara ya kwanza kuhama

Sisi tulioanza kazi enzi za BlackBerry tunajua kuhama. Yangu ilikuwa na vitufe vidogo kama punje za mtama. Barua pepe ikiingia taa nyekundu inawaka, najiona bosi. Huyu mume wangu mwenyewe nilimpata kwa PIN ya BBM! Lakini mambo yakageuka. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye BlackBerry mwishoni mwa 2017, BBM ya watu wa kawaida ikafungwa 31 Mei 2019, na tarehe 4 Januari 2022 kampuni yenyewe ikazima huduma za simu zake za mifumo ya zamani.

Mimi niliondoka mapema, 2017, nikahamia Android. Maneno matamu ya uchumba wetu yalibaki kwenye BBM na yakafia huko. Ila barua za kazi sikupoteza hata moja, kwa sababu wakati ule nilitumia Gmail, na barua za Gmail zinakaa kwenye seva za Google, si kwenye simu. Tangu hapo nikajidanganya kwamba kubadili simu ni kuhamisha laini tu, basi.

Jumatatu ya aibu

Asubuhi ya kwanza na iPhone yangu, mteja wa Dar akapiga. "Dada, ile oda ya tani 30 niliyokutumia kwa barua pepe, mbona kimya?" Nafungua barua pepe ya kampuni, naona za leo tu. Za nyuma zote hakuna! Baadaye fundi mmoja pale Chanika ndiye aliyenifafanulia. Barua pepe ya ofisi yetu niliiweka kwenye simu ya zamani kwa njia ya POP. Njia hiyo hushusha barua zikakaa kwenye simu, na ikipangwa hivyo, inazifuta kule kwenye seva. Ipo njia nyingine, IMAP, ambayo barua hubaki kwenye seva na simu inakuwa kama dirisha la kuchungulia. Mimi nilikuwa nimehifadhi ofisi nzima kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kisha nikaifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikakimbilia WhatsApp. Nayo tupu! Wakulima wangu wengi hawaandiki, wanatuma sauti: "Mama, gunia zangu ishirini na mbili, ziko kwa shemeji." Hizo sauti ndizo risiti zangu. Sasa, WhatsApp ya Android huweka nakala yake Google Drive, ya iPhone huweka iCloud, na hizi mbili hazisomani. Ukiiwasha iPhone ukaanza kutumia moja kwa moja kama nilivyofanya mimi, unaanza ukurasa mweupe.

Kilichonusurika ni M-Pesa tu. Yenyewe inafuata laini, unapiga *150*00# hata kwenye simu ya tochi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kazi yangu haiishi mahali pamoja. Pesa ziko kwenye laini, barua ziko kwenye seva ukibahatika, na mazungumzo yako kwenye simu. Kila kimoja kinahamishwa kwa njia yake.

Ile namba ya usiku

Ijumaa nikapanda gari kwenda Korogwe, kimya, uso umevimba. Hata kabla ya kuvua viatu nikamwonyesha. "Huyu ni nani unayempigia kila usiku?"

Akaiangalia namba, akakaa. "Umeipata wapi?"

"Kwenye simu uliyonipa."

Kumbe "nimeshakuwekea kila kitu" maana yake alifungua simu yangu kwa akaunti yake ya Apple, ileile iliyo kwenye iPhone yake. Simu mbili zikitumia akaunti moja, iCloud huweza kuzifanya zishirikiane majina, picha na hata orodha ya simu zilizopigwa. Tangu Jumapili nilikuwa naona majina ya walimu wenzake humo, nikadhani ni mambo ya simu mpya.

"Huyo ni mweka hazina wa kikoba," akasema taratibu. "Nilikopa nikununulie hiyo simu. Marejesho yamechelewa, kila usiku namwomba anivumilie."

Nikaishiwa nguvu. Kabla sijajibu, naye akaniuliza, macho chini: "Na wewe, saa tano usiku ulikuwa unaongea na nani Dar?"

Ni yule mteja wa tani 30! Nilikuwa nambembeleza anitumie tena oda yake, na nashukuru alinitumia. Kumbe baba watoto naye tangu Jumatatu ana lake moyoni, anaona simu zangu na ananyamaza. Watu wawili, kilometa 65, kila mmoja anamchunguza mwenzake bila kupenda, na hakuna anayeuliza. Kwa kweli tulitazamana mpaka tukacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa na machozi ndani yake.

Daftari mezani

Jumamosi tukakaa kurekebisha. Kwanza tuliichukua simu ya zamani kwa mdogo wangu. Nikaingiza Gmail yangu, nikaweka laini, nikapakua WhatsApp, ikauliza kama nataka kurudisha nakala ya Google Drive. Nikabonyeza huku nasali. Zikaanza kushuka moja moja, sauti za wakulima wangu wote!

Ila za siku sita za karibuni zilikuwa kwenye iPhone peke yake, na iPhone ilibidi ifutwe, maana WhatsApp ya Android inahamia iPhone ikiwa mpya au imefutwa, wakati wa kuiwasha, kwa programu ya Move to iOS. Basi tukachukua daftari. Yeye akawa anafungulia sauti na kunitajia magunia, mimi naandika. Saa mbili nzima. Mwishoni akaniambia, "Sikujua watu wote hawa wanakutegemea." Maneno hayo yalinigusa kuliko zawadi yenyewe.

Kisha tukaifuta iPhone. Ikadai neno la siri la akaunti yake kabla ya kumwachia mtu mwingine, akaliingiza. Nikafungua akaunti yangu mimi, kwa jina langu. Simu zote mbili kwenye chaji, kwenye mtandao mmoja usiotumia waya, tukasubiri. Jioni kila kitu kilikuwa mahali pake. Na barua pepe ya kampuni sasa iko kwa IMAP.

Kabla hujahama

• Usifute wala kugawa simu ya zamani mpaka umeishi na mpya angalau wiki mbili.

• Uliza barua pepe ya kazi iko kwa POP au IMAP. Kama hujui, ifungue kwenye kompyuta. Usipoziona barua za nyuma, ujue zinakaa kwenye simu.

• WhatsApp ihamishe siku ya kwanza, kabla hujaanza kutumia simu mpya.

• Kila mtu na akaunti yake, neno la siri aliandike mwenyewe. Usimwachie fundi wala mpenzi akufungulie kwa akaunti yake, hata kwa nia njema.

Wapo watakaosema wanandoa hawapaswi kufichana, kwa hiyo akaunti moja inatosha. Mimi nasema hapana. Akaunti moja haikutuletea uwazi, ilituletea wasiwasi. Uwazi ulikuja siku tulipoulizana. Lile deni la kikoba tulilimaliza pamoja, nusu kwangu nusu kwake, na mweka hazina mwenyewe sasa ni shoga yangu.

Je, wewe simu yako iko kwa akaunti ya nani? Iangalie leo, kabla hujakutana na namba usiyoijua saa tatu usiku.