Jibu Lenye Ushahidi (Sehemu ya Pili): Unajuaje?

Wiki iliyopita tulishughulika na swali lenyewe: tofauti ya "eleza", "jadili", "thibitisha" na "hakiki", na namna mwanafunzi anavyopoteza alama kwa kujibu "jadili" kana kwamba ameambiwa "taja". Leo tunahamia kwenye jibu, na nitaanza na aya ambayo kila mwalimu wa Kiswahili wa kidato cha tatu na cha nne amewahi kuisahihisha, kama si kwa maneno haya basi kwa maneno ya jirani yake.

Swali linasema: kwa kutumia tamthilia ya Ngoswe Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, thibitisha kwamba uzembe wa mtumishi mmoja unaweza kuligharimu taifa. Mwanafunzi anaandika: "Uzembe kazini. Mwandishi ameonesha uzembe kazini kupitia mhusika Ngoswe. Mfano, Ngoswe alimpenda Mazoea. Hali hii ipo hata katika jamii yetu ya leo."

Hoja ipo. Neno "mfano" lipo. Na ile sentensi ya kufungia kuhusu jamii yetu ya leo, ambayo ningependa sana kumjua mwalimu wa kwanza aliyeifundisha, nayo haikusahaulika. Kinachokosekana ni uthibitisho. Kupenda si uzembe. Watu wanapenda na kazi zao wanazifanya. Msomaji ambaye hajakishika kitabu hawezi kujua, kwa aya hii peke yake, penzi la kijana huyu limeihusu nini serikali.

Sasa linganisha na hii: "Ngoswe ametumwa na serikali kijijini kuhesabu watu. Akiwa kwa Mzee Ngengemkeni Mitomingi anavutwa na binti wa mzee huyo, Mazoea, na tangu hapo hesabu inakuwa jambo la pili. Anapanga kutoroka na binti. Mzee anapojua, kwa hasira anazichoma moto karatasi za takwimu. Serikali isiyojua idadi ya watu wake haiwezi kujua wanahitaji shule ngapi wala zahanati ngapi, kwa hiyo hasara ya uzembe huu imewafikia wanakijiji wote, hata wasiomjua Mazoea." Hakuna msamiati mgumu hapa, na mwanafunzi wa aya ya kwanza anayajua mambo haya yote. Muulize kwa mdomo atakusimulia tamthilia nzima, tena kwa kuigiza sauti ya mzee. Ila hakujua kwamba masimulizi yale yalikuwa na kazi ndani ya jibu.

Wengi wetu tukiona aya ya kwanza tunaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Toa mfano." Mfano ameutoa, maskini. Ndiyo maana mwezi unaofuata anarudia kosa lile lile, safari hii akiwa na mifano miwili.

Mwanafalsafa wa Uingereza Stephen Toulmin, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu jinsi watu wanavyojenga hoja, alitenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida tunayachanganya: kauli anayoitoa mtu, ushahidi anaouleta, na kile kinachompa haki ya kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye kauli. Hilo la tatu ndilo linalodondoka katika madaftari yetu. Nitaliita kiungo. Katika aya ya pili, kiungo ni sentensi ya serikali isiyojua idadi ya watu wake. Iondoe, na karatasi zilizoungua zinabaki kuwa kisa cha baba aliyekasirika.

Kwa nini kiungo kinadondoka? Sababu moja ni njia waliyopitia watoto hawa. Kwa miaka mingi mtihani wa darasa la saba Tanzania ulikuwa kwa sehemu kubwa wa kuchagua herufi ya jibu sahihi. Kenya nayo, ukiacha insha, ilikuwa na mtihani wa namna hiyo wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, kuanzia 1985 hadi 2023. Mtoto amekaa miaka akijua kwamba jibu ni kitu kilichokwisha kuandikwa na mtu mwingine, kazi yake ni kulitambua. Akifika sekondari anakutana na madesa, yaani mihtasari ya kukariri. Madesa yana vichwa vya hoja vimepangwa kwa namba, mfano mmoja chini ya kila kichwa, basi. Sina ugomvi na miongozo ya vitabu teule. Mwanafunzi wa shule yenye nakala nne za riwaya ya Takadini kwa darasa la watu sabini atasoma nini? Lakini mwongozo hutoa hoja zikiwa zimekauka, na anayezikariri huziandika zikiwa hivyo hivyo.

Sababu nyingine ni sisi wasahihishaji. Mwalimu anayeweka alama kwa kuhesabu vichwa vya hoja amekwisha kufundisha kinacholipa. Swali likidai hoja tatu kutoka katika kila kimoja cha vitabu viwili, mwanafunzi mwerevu ataharakisha kufikisha sita, mistari miwili kila moja, na huwezi kumlaumu. Kenya wana swali la dondoo, ambapo mwanafunzi huombwa aeleze muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani, kwa alama nne. Nalipenda swali hilo, maana linamlazimisha mtu kushika tukio mahususi badala ya kuelea juu ya kitabu. Bahati mbaya likiisha, katika sehemu inayofuata ya swali, wengi huelea tena.

Kuna somo ambamo kiungo kinafundishika vizuri zaidi kuliko fasihi, nalo ni historia. Chukua swali linalorudi kila mwaka kwa sura tofauti: eleza sababu za Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mwanafunzi ataandika "kilimo cha pamba cha kulazimishwa", "kodi", "ukatili wa maakida", kisha anahesabu. Mwulize swali moja tu: unajuaje kwamba pamba ilikuwa sababu? Si kwamba Wajerumani walilazimisha pamba, hilo linajulikana. Unajuaje kwamba pamba ndiyo iliyowauma watu hadi wakashika silaha?

Darasa litanyamaza kidogo. Kisha waambie kilichotokea Nandete, katika milima ya Umatumbi nyuma ya Kilwa, mwezi Julai 1905. Watu waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Vita ilianza hivyo. Waache walifikirie jambo hilo. Kitu anachokishambulia mtu kwanza kinasema kitu kuhusu kinachomkera, na hapo ndipo kiungo kilipo. Mwanafunzi akiwahi kukitamka mwenyewe, hutamsikia tena akiandika "pamba" na nukta.

Halafu usiwaache wafurahi mapema. Waulize: na Wangoni je? Mpango wa mashamba ya pamba ya jumuiya ulikuwa wa wilaya za pwani na kusini-mashariki, wala haukufika Ungoni. Bado Wangoni waliingia vitani mwaka ule ule, na kiongozi wao Songea Mbano alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Basi ushahidi wa Nandete unaieleza Nandete. Hauelezi vita nzima. Mwanafunzi atalazimika kutafuta sababu nyingine kwa Wangoni, kwa mfano uchungu wa watawala waliopoteza mamlaka yao, au nguvu ya imani katika maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambayo iliunganisha watu ambao hawakuwa na shamba moja wala mtawala mmoja. Hapo atakuwa anajadili kweli. Kujua ushahidi wako unaishia wapi ni sehemu ya kuwa nao, na katika vitabu vyetu vya kiada hili karibu halifundishwi kabisa.

Sayansi nitaigusa tu. Mwanafunzi aliyefunika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi, akaliweka juani, akaliondoa rangi yake ya kijani na kulidondoshea madini joto, ameona kwa macho yake kwamba sehemu iliyofunikwa haigeuki kuwa bluu-nyeusi. Akiulizwa kama mmea unahitaji mwanga kutengeneza wanga, anaandika "ndiyo, kwa sababu mwanga ni muhimu". Jani amelisahau mezani.

Sasa, darasani tufanye nini? Ushauri wangu wa kwanza ni kuanza na mdomo, si kalamu. Vijana wetu si dhaifu wa hoja. Nenda kwenye kijiwe chochote useme Yanga msimu huu ni wabovu. Utaulizwa mechi ipi, dakika ya ngapi, nani alikosa goli, na ukishindwa kujibu utanyamazishwa. Desturi hiyo hiyo iingizwe katika kipindi. Mwanafunzi akijibu, mwalimu asiseme "vizuri" wala "hapana, mwingine". Aulize: "Unajuaje?" Akipata tukio, aulize tena: "Kwa hiyo?" Baada ya muda wanafunzi wenyewe wataanza kuulizana, na wengine watakuuliza wewe. Kubali.

Kalamu ifuate, na iandike kidogo. Aya moja kwa wiki, hoja moja, si insha ya kurasa nne. Kabla ya hapo mwalimu aandike aya yake ubaoni mbele yao, huku akisema kwa sauti anachofikiri: mfano huu ni dhaifu, naufuta, sentensi hii inarudia swali tu, naiondoa. Wanafunzi wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akifuta alichoandika kwa sababu haikumridhisha. Wameona maandishi yaliyokamilika, wakadhani huzaliwa hivyo.

Na ukisahihisha, badilisha alama yako ya pembeni. Badala ya "toa mfano", pigia mstari mahali mfano unapokutana na hoja, kisha andika swali: "Kuchoma karatasi kumemdhuru nani?" Mwache aandike upya aya hiyo hiyo, na umpe alama kwa ile ya pili.

Tahadhari moja kabla sijaweka kalamu chini. Hoja, ushahidi, kiungo: mambo haya matatu yakibandikwa ukutani kama kanuni, baada ya mihula miwili tutapata madesa mapya yenye kichwa kidogo "Kiungo", na chini yake sentensi moja ya kukariri inayofaa kila kitabu. Mimi sitashangaa nikikuta imeandikwa kwamba hali hii ipo hata katika jamii yetu ya leo.

Wiki ijayo: mwalimu mmoja, wanafunzi themanini, na aya themanini za kusoma kila Ijumaa. Nani atazisoma?