METALI YA CHEMBE NDOGO NA HATARI YA UNGA WAKE



Kila metali, hata shaba yetu, imejengwa kwa chembe zilizoshikamana kama matofali ya ukuta. Katika miaka ya 1951 na 1953, wataalamu Hall na Petch walionyesha katika chuma ya kwamba chembe zikipungua ukubwa, nguvu ya metali inaongezeka. Leo wanatengeneza metali yenye chembe zisizopita nanometa 100: chembe 10.000 za namna hiyo zikipangwa mstari zinafika milimita 1 tu.

Inatengenezwa namna gani? Tuchukue nikeli na alumini. Unga wake unatiwa ndani ya kinu chenye mipira ya chuma, mfano wa vinu vinavyosaga mawe ya shaba. Hewa inaondolewa, gesi ya argoni inawekwa. Mipira inapiga unga kwa saa nyingi. Kisha unga unashindiliwa kwa moto mpaka unakuwa kipande kimoja.

Namna ya kuipima: ncha ya almasi inasukumwa juu yake. Alama ikiwa ndogo, metali ni ngumu. Halafu masini inakandamiza kipande mpaka kinavunjika. Mara nyingi kinapasuka ghafula kama kioo: vaa miwani ya kazi!

Kipande kizima hakina ubaya. Adui ni unga, na gesi yake.

1. Kinu kikifunguliwa haraka, unga unaweza kuwaka ukigusa hewa. Usimwage maji: alumini inayowaka inatoa katika maji gesi inayolipuka. Funika polepole kwa mchanga mkavu.

2. Argoni haina harufu, tena ni nzito kuliko hewa. Mahali palipofungwa, mtu anazimia bila kujua. Hewa ipite.

3. Unga unaingia mapafuni. Jambo hili linatuhusu hapa kwetu pia: meno magumu ya kutobolea mawe yana tungsteni na kobalti. Yakinolewa, vumbi lake linaweza kuleta pumu, hata makovu ya mapafu yasiyopona.

Basi, mnoaji, vaa maski, washa masini ya kunyonya vumbi, usijipulize nguo kwa hewa ya kompresa. Acha nguo za kazi kazini. Mama, zikifika nyumbani, usizikung'ute mbele ya watoto: ziloweshe kwanza.

Ukikohoa siku nyingi ao pumzi ikikatika, njoo lopitali mapema, na umwambie munganga kazi unayofanya.