Moyo na Saratani katika Daftari la Mauti

Katika daftari la mauti la ulimwengu, maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yaliyoshika ukurasa wa kwanza: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 yaliwaondoa watu milioni 17.9, ilhali saratani, ambayo kutajwa kwake tu hutosha kulinyamazisha baraza zima, iliua takriban watu milioni 10 katika mwaka uliofuata. Hofu za wanadamu hazifuati hesabu hii. Aliyeambiwa ana uvimbe hakosi kukesha. Mwenye presha, maadamu hapati maumivu, huviacha vidonge vyake kabatini mpaka siku atakayoanguka.

Wala si raia peke yao walioghafilika. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alifariki tarehe 12 Aprili 1945, akiwa na umri wa miaka 63, kwa kuvuja damu katika ubongo, na presha yake baada ya kuzirai ilipimwa ikawa 300 kwa 190. Walakini zama zile matabibu wengi walishikilia kuwa kupanda kwa presha ni ada ya uzee isiyostahili kusumbuliwa. Miaka mitatu baadaye, katika mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, watafiti waliandikisha wanaume na wanawake 5,209, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili, na katika kuwafuatilia huko kwa subira ndiko ilikobainika kuwa presha, sigara na lehemu nyingi katika damu hutangulia kwa miaka mingi maumivu ya kifua. Tangu miaka ya 1960 kiwango cha vifo vya moyo nchini humo kimepungua kwa zaidi ya nusu.

Saratani haikutii kwa wepesi huo, kwani ni jamii ya maradhi zaidi ya mia, na asili yake ni hitilafu zinazorundikana katika chembe za mwili kadiri zinavyogawanyika. Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache, kwa hivyo una nafasi nyingi za kukosea. Chembe za msuli wa moyo, baada ya utoto, ni kama hazigawanyiki, na ndiyo sababu saratani ya moyo wenyewe ni nadra mno. Lakini salama hiyo ina gharama: sehemu ya moyo iliyokufa kwa kukosa damu haioti tena, hubaki kovu lisilopiga. Ulinganifu huu, kwa rai yangu, una maana kuliko ule wa nani ameua wangapi.

Maana hesabu nayo hughuri. Aliyenusurika na moyo akiwa na miaka 50 hufika 75, umri ambao saratani huuwinda. Katika nchi kama Denmark na Ufaransa imekwisha kuyapita maradhi ya moyo kwa kuua wanaume, na sioni kuwa hiyo ni aibu kwa utabibu.

Huku kwetu Afrika Mashariki yote mawili huweza kuanza na vijidudu. Kirusi cha HPV husababisha karibu saratani zote za shingo ya kizazi, na tangu 2018 Tanzania huwachanja wasichana dhidi yake. Koo la mtoto lililopuuzwa nalo huweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, ilhali penisilini, dawa kongwe na ya bei nafuu, ingeliponya, lau mzazi asingemwachia mtoto asali na limau wiki nzima.